Kikohozi cha Msimu

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja. Watu walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo! Mteja akija kupimwa gauni, Kasuku humsimulia habari zote za nyumbani, hata zile zisizosemeka.

Lakini kila baridi ilipoingia, Kasuku alinyamaza. Alikohoa, kifua kikabana.

"Ni kikohozi cha msimu tu," fundi aliwaambia wateja. "Baridi ikiisha, nacho kitaisha."

Kisha alifunga dirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani, mtoto apate joto. Masikini, alimpenda mno.

Mwaka mmoja hali ilizidi. Asubuhi moja Kasuku alishindwa hata kumalizia neno "mama". Fundi alichanganyikiwa. Alimbeba mbio hadi zahanati. Muuguzi alimpa mtoto dawa ya kuvuta kwa mdomo, mpaka pumzi ikarudi.

"Ana pumu," alisema muuguzi. "Ilimwanza lini?"

"Mbona ni kikohozi cha msimu, dada? Huja kila mwaka."

"Kitu cha msimu ni kile kinachorudi wakati wake ukifika. Si lazima kiwe kidogo, mama. Wewe sare za shule unashona lini?"

"Kabla shule hazijafunguliwa. Huo ndio msimu wake."

"Unasubiri wateja wajae mlangoni ndipo utafute kitambaa?"

"Thubutu!" Fundi alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Kumbe sare nazijali kuliko mwanangu!"

"Usiseme hivyo. Hukujua. Mwakani mlete kabla ya baridi, tumpangie dawa. Na joto mnalipata wapi?"

"Nawasha mkaa ndani, nafunga dirisha."

"Ala! Moshi unambana kifua. Na hewa ya mkaa huua hata pasipo moshi. Jiko likae nje. Mtoto mvalishe nguo nzito."

Mwaka uliofuata, fundi hakungoja. Alimpeleka Kasuku zahanati mapema. Jiko alilihamishia uani. Akamshonea koti zito kwa mabaki ya vitambaa, kila mfuko na rangi yake.

Baridi ikaja. Mteja mmoja naye akaja kupimwa gauni.

"Shangazi," Kasuku alimwambia, "mama anasema siku hizi umenenepa!"

"Wewe mtoto, hebu nyamaza!" fundi alifoka kwa aibu.

Kasuku akanyamaza. Chumba kikawa kimya, na kimya kile fundi alikijua. Akaweka futi chini, akamvuta binti yake kifuani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sema. Sema yote."