Redio Iliyonyamaza Bila Kuzimwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, nilianika betri za redio yetu juani pale nyumbani Kizwite, Sumbawanga. Betri zilikuwa zimechoka. Redio ikizimwa, kuiwasha tena ilikuwa kazi ya kuipiga makofi na kuibembeleza. Basi nikajiwekea sheria yangu: redio haizimwi, inapunguzwa sauti tu. Na mimi Redempta nikishajiwekea sheria, ya mtu mwingine hainihusu.

Mwaka huo wa 1993 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bibi Kalista alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho Mbeya, nami nikachaguliwa kumsindikiza kwa ndege ndogo. Babu alikuwa ametuma kadi ya salamu redioni, nayo ingesomwa saa saba mchana siku hiyohiyo ya safari. Niliapa kwamba Bibi ataisikia, tuwe angani au ardhini.

Uwanjani, rubani Evaristi alituambia abiria wote watano tuzime redio mpaka tutue. Masunga, mfugaji aliyezoea kuning'iniza redio shingoni akichunga ng'ombe, alizima yake papo hapo. Mimi nilibisha. Niliuliza redio isiyosikika itamdhuru nani. Rubani alisema atanieleza tukifika, kwa sasa nizime. Nilipunguza sauti mpaka mwisho, nikaificha kwenye kapu la Bibi.

Juu ya milima tuliingia kwenye wingu zito. Rubani akageuka, amekaza uso. Alisema sindano ya kifaa kinachomwonyesha njia inayumba, na isipotulia tutarudi Sumbawanga. Akauliza ni nani hakuzima redio. Bibi alinishika mkono kwa nguvu, maana daktari wa macho alikuwa anaondoka Mbeya kesho yake.

Mfanyabiashara mmoja alimnyooshea Masunga kidole. "Ni huyu. Wachungaji hawa hawaachani na redio."

Masunga alifungua redio yake, akatoa betri, akaziweka mapajani. Yule bwana akasema huenda anayo nyingine ameificha.

Hapo nilipandwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mwache," nilisema. "Ni yangu. Nilipunguza sauti, sikuzima. Baba huyu hana kosa, na umwombe radhi."

Nilitoa betri zangu zote. Baada ya muda sindano ilitulia, tukaendelea na safari. Saa saba ikapita kimya, na salamu za Babu zikasikiwa na watu wengine. Nililia.

Tulipotua nilimwomba Masunga msamaha. Rubani alitimiza ahadi yake. "Redio kunyamaza si kuzimika," alisema. "Ndani inaendelea kufanya kazi, na inaweza kuvuruga vifaa vyangu. Huenda ni yako iliyoyumbisha sindano, huenda siyo. Lakini kwenye wingu sina nafasi ya kubahatisha roho za watu."

Niliinamisha kichwa. Bibi alikipapasa.

"Kichwa hiki ni kigumu, na kibaki hivyohivyo," alisema. "Ila kiwe kigumu kwa kusema kweli, kama ulivyofanya kwa Masunga, siyo kwa kuvunja amri inayotulinda sote. Salamu zile usizililie. Babu yako atanisomea mwenyewe, nami nitakuwa namwona usoni."