Mapumziko Asiyoyaomba

Siku ya gulio la Soni hakuna gari linalopita kwa haraka. Idrisa alilijua hilo tangu utotoni, lakini asubuhi ile alikuwa na maboksi ya dawa kwenye buti, na wateja walikuwa wakimsubiri dukani kwake Lushoto. Mbele yake Fuso lililosheheni kabichi lilikuwa limekaa katikati ya njia kama limeota mizizi. Akapiga honi. Akapiga tena, ndefu zaidi. Mwishowe akashuka.

"Dereva wa hili gari yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Aliyejibu alikuwa mwanamke, amesimama juu ya tairi la mbele akifuta kioo. Alivaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa lililoishia magotini, suruali nyeusi chini yake, na raba zilizojaa udongo mwekundu. Mtandio mweupe ameufungia kisogoni.

"Dada, namuulizia dereva, siyo mkewe."

"Dereva hana mke, kaka. Wala mume hana. Una swali jingine?"

Wapakiaji waliokuwa juu ya kabichi wakaangua kicheko. Mwanamke akaingia ndani, akawasha, akalirudisha lile dude kinyumenyume kati ya mafungu ya peasi na miavuli ya akina mama bila kugusa hata tunda moja. Kisha akachungulia dirishani.

"Haya pita, Bwana Honi!"

Idrisa alifika Lushoto akitabasamu peke yake.

Wiki iliyofuata dereva yule aliingia dukani kwake kununua dawa ya presha ya mama yake. Jina lake Mwanamisi, mzaliwa wa Magoma. Alitoka na dawa pamoja na namba ya simu ya mwenye duka, na jioni ileile akaipiga akiwa Chalinze.

"Bwana Honi, umekula?"

"Bado. Nasubiri nishibe sauti yako kwanza."

"Utakufa na njaa, mpenzi. Sauti yangu leo imejaa vumbi."

"Nisemee tena hapo pa 'mpenzi'."

"Mtandao unakata!" Akacheka, akakata mwenyewe.

Mapenzi yao yakakua njiani. Yeye akipanda milima na kushuka na mboga za watu, Idrisa akimfuata kwa simu: Mombo, Segera, Chalinze, Dar. Siku za mapumziko walikaa ukingoni mwa barabara ya Gare, wakila matunda damu, ukungu ukipanda kutoka bondeni.

"Hivi unapenda nini kwenye kazi hii?" Idrisa alimwuliza siku moja.

"Nyumbani tulikuwa mabinti watupu. Kila mtu wa kijijini alikuwa na la kutuambia. Keti hivi, cheka vile, usipite pale. Kule juu ya usukani, nikikosea njia nimekosea mwenyewe. Nikifika, nimefika mwenyewe."

"Ndiyo maana nakupenda," Idrisa alisema. Na siku ile alisema kweli.

Posa ikapelekwa Magoma, ikapokelewa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Bi Zainabu, mama yake Idrisa, hakugombana na mtu. Aliuliza tu, huku akichambua mchicha.

"Mwanangu, mkeo atakuwa analala Chalinze?"

"Ni kazi yake, mama."

"Sijakataa. Nauliza watu watakaponiuliza niwajibu nini."

Masika yalipoanza, lori moja likapinduka kwenye kona za chini ya Soni. Dereva wake, kijana aliyekuwa akinunua dawa za kikohozi kwa Idrisa, alizikwa kesho yake. Tangu hapo Idrisa hakupata usingizi kila Mwanamisi aliposafiri. Hofu na aibu viliingia kifuani mwake kwa mlango mmoja, na yeye mwenyewe hakujua kipi ni kipi. Akawa anapiga simu kila baada ya muda mfupi. Umefika wapi? Uko na nani? Mbona hukupokea?

"Mpenzi, nikipokea kila saa ndiyo nitapinduka," Mwanamisi alimtania.

Idrisa hakucheka. Siku ya pili yake alikwenda kwa Mzee Ismaili, mwenye lile Fuso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe wetu. Karibu."

"Mzee, nimekuja kwa niaba ya Mwanamisi. Amechoka na barabara. Anaona haya kukuambia, maana wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Ukimpumzisha utakuwa umemsaidia."

Mzee Ismaili akasema amesikia. Mwanamisi aliporudi safari, funguo zilikuwa kwa dereva mwingine.

"Pumzika, mwanangu," mzee alimwambia kwa upole. "Nenda ukajenge nyumba yako."

Mwanamisi alidhani amekataliwa kwa sababu anaolewa. Aliumia mno hata hakuuliza. Alilia begani kwa Idrisa mpaka shati likalowa, na Idrisa, akimpapasa mgongo, akamwambia, "Mungu ana makusudi yake." Katika yote aliyowahi kuyasema maishani, hayo ndiyo yaliyokuja kumchoma zaidi.

Akamkaribisha dukani. Mwanamisi akavaa koti jeupe, akajifunza majina ya dawa, na wateja wakampenda. Bi Zainabu akamletea vitenge. Kila kitu kilikaa sawa, ila kicheko chake kilipungua kidogokidogo, na kila lori lilipobadilisha gia kwenye mlima, mikono yake ilisimama juu ya vidonge mpaka mngurumo upotee.

Harusi ilipokaribia, Mzee Ismaili aliingia dukani kutafuta dawa ya mafua. Idrisa alikuwa stoo.

"Mwanangu, tangu mwenzio alipokuja kuniambia umechoka, sijapata dereva kama wewe."

Kopo la dawa lilitua mezani taratibu. Mzee alipoondoka, Mwanamisi alisimama kwenye mlango wa stoo.

"Ulimwambia nimechoka?"

Idrisa aligeuka. Hakuhitaji kuuliza nani. "Mwana, nilikuwa naogopa. Lile lori la Soni..."

"Ungeniambia unaogopa. Ningekusikiliza. Pengine ningeacha mwenyewe."

"Si yote ni kuacha?"

"Siyo yote, Idrisa." Hakumwita Bwana Honi. "Baba alinikataza udereva mchana kweupe. Nilimjua, nikabishana naye, nikamshinda. Wewe umenikataza kwa siri, halafu ukanifuta machozi. Ningebishana na nani?"

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Jioni Idrisa alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Posa ikarudishwa kabla ya mwezi kuandama.

Miaka ikapita. Idrisa hakuoa. Siku moja alikuwa Mombo akisubiri mzigo, akaingia hotelini, akamwona. Amenenepa kidogo, miwani ameipandisha kichwani, lori la saruji limeegeshwa nje. Ni yeye Mwanamisi aliyemvutia kiti.

"Kaa ule. Unakula bado, au unashiba sauti?"

Walikula ndizi na nyama. Walisimuliana habari za mama zao. Kisha Idrisa akaweka kijiko chini.

"Sitajitetea. Nilikukosea."

"Nilishakusamehe zamani. Ulinipenda, najua. Hukuniamini tu."

"Mwana, nikuoe. Safari hii endesha mpaka Tunduma, sitakuzuia. Nakuruhusu uende popote."

Mwanamisi alicheka, na macho yakamjaa maji. "Umejisikia? Eti 'nakuruhusu'."

Nje wapakiaji walikuwa wakiliita jina lake Mwanamisi. Alinyanyuka, akajifunga mtandio upya.

"Naweza kukupigia?" Idrisa aliuliza.

"Namba yako ninayo. Nikitaka kukusikia, nitapiga mimi."

"Na usipotaka?"

Alimgusa bega, akaondoka. Lori likaingia barabara kuu, likaelekea upande wa Same.

Rafiki zake Idrisa humcheka, humwambia mwanamume ni kuthubutu, apige yeye. Namba ya Mwanamisi anayo, anaijua kwa moyo. Jioni akifunga duka huiangalia, kisha huirudisha simu mfukoni, ambayo huenda ikaita, na huenda isiite.