Sabuni Yenye Maandishi

Kila asubuhi Mawingu alikwenda kisimani na ndoo mbili, akarudi na ndoo moja na nusu. Nusu iliyobaki ilinywewa na njia. Hakuwa mvivu, la. Ila maji yakitulia ndooni huonyesha mbingu, na yeye akiiona mbingu husahau kwamba ana miguu.

"Umeleta maji au umeleta hadithi?" bibi yake alimwuliza mlangoni.

"Maji, bibi."

"Haya, mimina upesi kabla hayajaota mabawa."

Mdogo wake alicheka mpaka uji ukampalia. Huyo alikuwa darasa la kwanza, na walimwita Kijiko kwa sababu hakosekani penye sufuria.

Shuleni kwao kulikuwa na choo kipya cha vyumba sita. Kuta zake zilikuwa nyeupe pe, na mlangoni pake palikuwa na pipa la maji lenye koki, na kipande cha sabuni ya bluu juu ya kibao. Juu ukutani waliweka matofali yenye matundu, na jua la asubuhi lilipopenya humo lilichora nyota sakafuni. Mawingu alipoziona nyota zile, kwisha habari yake.

Mwalimu mkuu alimkabidhi ufunguo mbele ya shule nzima. "Wewe ndiwe kiranja wa usafi. Bwana Afya atakuja kukikagua. Akiridhika, tutavutiwa bomba la maji safi mpaka hapa uwanjani. Nataka akikute kinang'aa, mama."

Siku ya kwanza watoto walimiminika. Kulikuwa kumenyesha, na nyota zote zikajaa matope. Mawingu alipiga deki mara tatu, machozi yakimlengalenga. Siku ya pili akapata akili, au alidhani kapata. Akafunga kufuli.

"Tufungulie!"

"Subirini, nimepiga deki. Hakijakauka."

Choo kile kilichukua wiki tatu kukauka. Walimu walikuwa na choo chao upande wa pili, kwa hiyo hawakujua. Wakati wa mapumziko Mawingu alijifungia humo peke yake, akakaa kwenye ubaridi ule mweupe na kutazama nyota zikitambaa polepole sakafuni. Aliota choo kimegeuka jumba, naye ndiye mwenye nyumba. Kila mtu na jumba lake.

Watoto wenzake wakarudi kwenye kichaka chao cha zamani, juu ya mteremko. Chini ya mteremko ndipo kilipo kisima. Mvua ikanyesha tena, nayo mvua haina adabu, hubeba kila inachokikuta.

Alhamisi Kijiko hakumaliza uji wake. Nyumba nzima ikajua kuna jambo. Kufikia adhuhuri alikuwa amekimbilia uani mara saba, na mara ya nane hakuweza kukimbia. Wakambeba hadi zahanati.

"Mmemuwahi," muuguzi alisema. "Maji yamemwishia mwilini. Endeleeni kumnywesha dawa hii, kidogo kidogo. Na maji ya kisima chenu yachemsheni."

Jioni bibi alikaa kitandani, akimnywesha mtoto kwa kijiko. Hakutania hata mara moja. Mawingu alisubiri utani ule kama mtu anayesubiri taa iwashwe. Haukuja.

Asubuhi yake madawati mengi yalikuwa matupu. Na siku hiyohiyo Bwana Afya akatokea, viatu vikiwa na vumbi, daftari kwapani. Mawingu alifungua kufuli. Kuta ziling'aa. Sakafu iling'aa. Mwalimu mkuu akatabasamu.

Bwana Afya hakutabasamu. Aliokota ile sabuni ya bluu, akaigeuzageuza.

"Sabuni hii bado ina maandishi yake yote," alisema. "Hata herufi moja haijafutika. Na kule kwenye tundu la choo kuna buibui amejenga, ana familia sasa. Mwalimu, wanafunzi wako ni malaika? Hawaendi haja?"

Mwalimu mkuu akawageukia wanafunzi. "Mmejengewa choo, mnakwenda kichakani? Basi leo hakuna kucheza! Nyote mtakifyeka kichaka kile!"

Wanafunzi wakamtazama Mawingu. Hakuna aliyefungua mdomo, maana kiranja ni kiranja. Angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo. Lakini akilini aliyaona macho ya Kijiko yalivyozama.

"Si kosa lao, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyefunga. Walikuwa wanakichafua."

Bwana Afya akamtia ile sabuni mkononi. "Ahsante kwa kusema. Nitarudi mwezi ujao. Na sabuni hii nisiikute."

Kufuli likatolewa. Wanafunzi wakapanga zamu za deki, na Mawingu akachukua ya kwanza. Mlangoni wakamwaga changarawe za kufutia matope. Kichaka kikafyekwa, kisima kikatiwa dawa.

Nyumbani Mawingu alimweleza bibi yake kila kitu. Bibi alikuwa akisugua sufuria.

"Sufuria hii inang'aa?" aliuliza bibi.

"Inang'aa."

"Ni kwa sababu kila siku naipikia, kisha naisugua. Ningeifungia kabatini ingeng'aa vilevile, na nyinyi mngelala njaa mkiitazama. Usafi ni kazi ya kila siku, mjukuu wangu, si pambo. Choo kinachofungwa hakimlindi mtu."

"Na uji upo?" Kijiko aliuliza kutoka kitandani.

"Ahaa!" bibi akapiga kofi. "Huyu kapona!"

Mwezi uliofuata Bwana Afya alikuta sakafu mbichi na nyayo ndogo kila mahali. Akaandika daftarini kwamba bomba livutwe, akicheka peke yake. Mawingu alimletea sabuni. Ilikuwa imeisha mpaka imekuwa nyembamba kama jani, na alipoiinua juani, mwanga wa bluu ulipita ndani yake.