Kinachopanda Nje ya Bomba

Kamande alikataa chai Jumatatu, akaikataa Jumanne, na kufikia Ijumaa wanawake wote wa upande ule wa Mai Mahiu unaotazama Mlima Suswa walikuwa wameshajua. Usiulize walijuaje. Mwanaume aliyelelewa na chai ya maziwa, kisha ghafla anakitazama kikombe cha mke wake kama mtu aliyewekewa mkojo, hilo si jambo la kufichika nyuma ya mabati.

"Ako na mtu Naivasha," Trizah alimwambia Wangare, mke wa Kamande. Trizah alikuwa jirani, na alikuwa amekuja kuomba chumvi, kitu ambacho hakikuwahi kumwishia hata siku moja. "Mimi sisemi, Mama Abby. Lakini mtu akikataa chai kwako, ujue ameshakunywa kwingine."

Wangare alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Trizah alipoondoka, akachukua shati la mumewe akalinusa kuanzia kwapa hadi kola. Hakupata marashi. Alipata dizeli na tope. Jioni ile alilia juu ya sufuria ya chai, na binti yao Abby, wa darasa la pili, akamwona.

Kamande alifanya kazi kwa kampuni iliyokuja kutafuta mafuta. Mnara wao wa chuma ulisimama ng'ambo ya shamba, mrefu, umewashwa taa mchana na usiku. Siku za kwanza alikuwa haishi kujigamba. Alimweleza mkewe kwamba kutoboa ardhi si kuchimba choo. Unashusha keekee ya chuma, unasukuma tope zito likibeba mawe yaliyosagika na kukandamiza gesi isiruke juu. Ukishayapita maji ya kunywa, unateremsha bomba, halafu unasukuma saruji ndani yake. Saruji inatokea chini na kupanda nje ya bomba, kati ya chuma na mwamba, mpaka uione juu kwa macho. "Ukiiona imerudi, mlango umefungwa," alisema. "Hakuna kitu cha huko chini kitapanda kije kwa maji ya watu." Na kazi ya kusimama pale juu na kuingoja saruji irudi ilikuwa yake. Alikuwa ameahidiwa kuandikwa mfanyakazi wa kudumu. Hapo unaelewa kwa nini alitembea kijijini akiwa na kofia ya plastiki hata kanisani.

Wangare naye alikuwa na kisima chake, cha pampu, alichochimbiwa na babake kabla hajafa. Nyumba zaidi ya thelathini zilichota hapo.

Asubuhi moja, saa ya kukamua, mfereji ulikohoa.

Ulikohoa kama mzee anayetaka kusema jambo kanisani. Kisha ukatoa maji, kisha harufu ya yai viza. Ng'ombe wake, aliyeitwa Madam kwa sababu ya maringo, alisogea mpaka kwenye hori, akayatazama maji, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuyapa mgongo. Wangare aliinama. Maji yalikuwa yanatokota. Akatia kidole. Yalikuwa baridi.

Stima ilikuwa imepotea, basi akawasha kiberiti aone vizuri, na moto ukaruka kutoka kwenye njiti ukasimama juu ya maji, mwembamba, wa buluu, hauchomi kitu, hauna moshi, ukayumba huku na huku kama mtu anayetafuta mtu kwenye umati, kisha ukamwinamia yeye.

"Imerudi," sauti ya Kamande ikasema kutoka mferejini. "Niliiona kwa macho yangu."

"Baba Abby?" Wangare aliita kwa kunong'ona. Kamande alikuwa kwenye zamu tangu jana.

"Imerudi," mfereji ukasema.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Akachemsha maji yale mara mbili, akanywa chai yake, na baada ya wiki hakuisikia tena ile harufu. Akamshukuru Mungu. Ila wengine sasa walianza kuisikia kwake. Kanisani benchi lilianza kuwa refu. Alikaa katikati, watu wakakaa pembeni. Trizah, ambaye hakuwahi kutoa habari akiwa mbali, alianza kuongea naye akiwa ng'ambo ya ua. Wangare alipopuliza jiko, makaa yaligeuka buluu. Alipolala chali tumbo lilibubujika, na bubujiko lile lilikuwa na maneno ndani yake, maneno ya mtu anayesoma polepole orodha ya majina ya waliokunywa maji ya kisima kile, akianza na la kwake, na kila siku alipofika mwisho wa orodha Wangare aliamka hana nguvu ya kuinua ndoo, akijua kabisa, kama mwanamke anavyojua mimba, kwamba kuna kitu kinachokaa ndani yake na kinapanda, na kikifika kooni hatakuwa Wangare tena.

Adhuhuri moja Abby alitoka shule amekauka midomo. Wangare akamtekea kikombe. Mtoto akarudisha mikono nyuma.

"Kunywa."

"Sitaki ya hapa. Nakunywa ya Baba." Akafungua begi, akatoa chupa ya maji yenye alama ya kampuni. "Ananipatia kila siku. Alisema nisikuambie."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ulilia juu ya chai."

Wangare alikaa chini pale pale kwenye zege. Wakati ule wote alikuwa akimtafuta mwanamke wa Naivasha. Kumbe afadhali angekuwa mwanamke.

Kamande alipoingia, alimkuta ameshika chupa.

"Saruji ilirudi?" mkewe akauliza.

Kamande alifunga mlango. "Punguza sauti."

"Ilirudi?"

"Haikurudi." Alikuwa anaongea kama mtu aliye chumba cha mgonjwa. "Nilingoja mpaka jua likatua. Mwamba wa hapa umejaa nyufa, unakunywa tu. Supavaiza akasema hakuna siku ya kungoja, andika imerudi. Nikaandika. Nikaweka sahihi."

"Na mimi unaniacha nakunywa?"

"Ningekuambia ungeambia Trizah. Na Trizah angeambia Kenya nzima."

"Walikuwa wanakupa chupa ngapi?"

"Mbili kwa siku."

"Moja ya mtoto," Wangare akasema. "Na hiyo ingine?"

Kamande alijipangusa midomo. Tumbo la Wangare likabubujika, na sauti ya Kamande ikatoka kinywani mwa mkewe, ikasema, "Niliiona kwa macho yangu." Mwanaume yule alirudi nyuma mpaka ukutani, hatua kwa hatua, bila kumpa mgongo.

Trizah ndiye aliyeenda kumleta Mama Nekoye kutoka landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli kule Nakuru. Tumpe haki yake, mdomo mrefu na mguu mwepesi huenda pamoja. Nekoye alikuwa mjane wa Masinde, mchimbaji wa visima vya mvuke. Alijua mambo ya majini, na alijua ya mabomba. Hakuja na kengele wala kitambaa chekundu. Alizunguka kwanza bwawa la kampuni, ambako tope la kisima lilimwagwa juu ya plastiki iliyotoboka, akahesabu ndege waliokufa ukingoni. Kisha akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye bomba la kisima cha Wangare. Alikaa hivyo mpaka watu wakadhani amelala.

"Jini huyu hakutupwa na mtu," alisema akipangusa shavu. "Ni wa huko chini. Alifunikwa na mwamba tangu hakuna mtu. Sasa amepewa njia nje ya bomba, na karatasi ya kumficha."

"Shosho, atatoka?" Wangare aliuliza, na watu wakaziba pua.

"Atatoka iwapo mwenye sahihi atasimama hapa mbele za watu na kusema mlango hakuufunga. Ukweli ukisemwa, hana pa kujificha, na kampuni itabidi ije izibe." Kisha akamvuta kando, akapunguza sauti. "Lakini akirudia uongo na mkono wake uko kwa bomba, atakuwa amejitoa sadaka yeye. Jini atachukua neno lake, amhamie. Mwambie hivyo."

Wangare alimwambia. Alimwambia mara mbili, na Kamande akaitikia, akasema atasema, akalia hata, akamshika mkono.

Ilikuwa Jumapili, jua la mchana, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Kamande akaweka kiganja kwenye bomba. Pikapu ya kampuni ilikuja ikasimama barabarani, kioo kikashuka, supavaiza akaegemeza kiwiko. Kamande alimtazama mkewe aliyeshikiliwa mabega na wanawake wawili, akamtazama mtoto, akaitazama pikapu, na bomba likaanza kutetemeka chini ya kiganja chake, na maji ndani yake yakapanda yakikwaruza kama kucha, na tumbo la Wangare likayajibu, na kuku wakanyamaza, na mbwa wakakimbilia barabarani, na Wangare akahisi kile kitu kikimfika chini ya ulimi kikingoja pamoja naye, kikiwa na hamu ileile aliyokuwa nayo, kusikia mwanaume yule atasema nini.

"Saruji ilirudi," Kamande alisema. "Niliiona kwa macho yangu."

Bomba likanyamaza. Kioo cha pikapu kikapanda, gari likaondoka.

Wangare akapiga magoti akatapika maji meusi, mengi, mpaka akadhani anajitapika mwenyewe. Alipoinua uso alisikia harufu ya mavi ya ng'ombe, na sabuni ya nguo za Trizah, na vumbi. Alilia kwa utamu wake. Mtu akafungua mfereji, maji yakatoka meupe, watu wakaanza kuimba.

Mama Nekoye hakuimba. Alikuwa anatazama kifua cha Kamande.

"Amejitoa," alisema taratibu. "Na amepokelewa."

Kamande alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Alikaa kwenye kochi, na siku tatu hakula, hakulala, hakupepesa macho. Abby alipomwita, alijibu. Lakini jibu lilitoka polepole, likibubujika, na shati lake halikuinuka wala kushuka. Nekoye alikuwa amesharudi Nakuru. Alisema wa kwake ni walio hai.

Alhamisi pikapu ilikuja mpaka langoni. Supavaiza, kijana mnene mwenye miwani ya jua, hakushuka.

"Mathe, tunaanza kisima cha pili," alisema. "Nataka Kamande asimamie saruji. Yule ni mtu wa kuaminika. Ako sawa? Nilisikia ati mgonjwa."

Nyuma ya ua Trizah alishika mdomo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kijiji kile, hakusema neno.

Kamande alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, tayari. Wangare alimtazama kifua kilichotulia.

"Ako sawa kabisa, boss," alisema. "Mimi mwenyewe nimemwangalia."

Kamande akapanda mbele, karibu na dereva. Vioo vikafungwa kwa sababu ya vumbi.

"Mama," Abby akaanza kumvuta leso, "mwambie huyo mtu, Baba hapumu..."

Wangare akamziba mtoto mdomo kwa kiganja, taratibu, bila kumuumiza, akakishikilia hapo mpaka gari likapotea.