Saa ya Kutolewa, Saa ya Kupokelewa

Foleni ya chai ilikuwa imefika mlangoni mwa kantini ya hospitali. Mbele alisimama mwanamke mrefu aliyevaa gauni la zambarau lililomkaa vyema.

"Chai moja, tangawizi kidogo, mayai mawili bila chumvi," alimwambia mhudumu. "Rudia nilichosema."

Mhudumu alishika kikombe. Kijana wa miwani aliyesimama nyuma akadakia. "Chai moja, tangawizi kidogo, mayai mawili bila chumvi. Nimepata ngapi, mwalimu?"

"Zote. Ila hukuulizwa."

Foleni nzima ilicheka. Kijana huyo alikuwa daktari mpya wa wodi ya watoto. Mwanamke, ambaye wenzake walimwita Darubini, alifanya kazi maabara. Yeye ndiye aliyechunguza maji ya uti wa mgongo na kusema kama vijidudu vimeufikia utando wa ubongo. Majibu mazito aliyatoa kwa simu, wala hakukata mpaka aliyepokea ayarudie neno kwa neno.

Baada ya miezi minne simu hizo zilikuwa za kazi na za mapenzi.

"Nimekukumbuka, laazizi. Rudia."

"Umenikumbuka. Saa saba na dakika kumi. Nimeandika daftarini."

"Mchokozi wewe!"

"Mnapendana kama makarani," dada yake Darubini alikuwa akisema.

Jumanne moja, mama mmoja alileta mtoto wa wiki sita. Mtoto alikuwa na joto kali, hanyonyi, na utosi wake ulikuwa umevimba. Daktari alimchoma sindano ya mgongo, akatoa maji, akaanzisha dawa bila kungoja majibu. Mchana Darubini alipiga simu.

"Seli nane tu, ni chache. Bakteria hawakuonekana. Rudia."

Daktari alirudia, lakini moyo wake haukukubali.

Kesho yake asubuhi, mkuu wa wodi alisimama kando ya kitanda, wauguzi na madaktari wakiwa wamemzunguka.

"Majibu ni safi. Mbona mtoto bado anapewa dawa? Isimamishwe saa nane."

"Mkuu, utosi bado umekaza. Maabara wamekosea."

Darubini alikuwa mlangoni, ameleta fomu za majibu. Aliziweka mezani taratibu, akaondoka bila kugeuka.

Daktari alipiga simu mara tatu, hakujibiwa. Mara ya nne ikapokewa.

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"'Maabara wamekosea.' Umesema wewe. Mimi narudia tu."

Simu ikakatika.

Hata hivyo, Darubini hakuwa mtu wa kununa akaacha kazi ikilala. Alifungua daftari, akakagua fomu ya mtoto yule mstari kwa mstari. Saa ya kupokelewa ilikuwa saa sita na nusu mchana. Mahali pa saa ya kutolewa palikuwa patupu. Akapiga simu wodini.

"Napiga kikazi. Yale maji uliyatoa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Yalinifikia saa sita na nusu. Yalikuwa wapi?"

"Mfukoni mwa koti langu. Niliitwa kwa mtoto mwenye degedege, nikajisahau."

"Muda wa saa tatu na nusu mfukoni! Seli huvunjika, Dokta. Nilihesabu zilizobaki. Nami nilipokea fomu yenye pengo. Kosa hilo ni langu, nimeshaliandika. Usisimamishe dawa. Toa maji mengine, uniletee mwenyewe, mbio."

"Mkuu ameshaamua."

"Basi mwambie ukweli. Saa saba sasa."

Daktari alimkuta mkuu katikati ya wodi, watu wale wale wakiwapo. Hakungoja watoke.

"Mkuu, maabara hawakukosea. Nilichelewesha maji mwenyewe, kisha nikawalaumu wao. Naomba nirudie kipimo, na dawa iendelee."

Mkuu alimpisha njia. "Unangoja nini? Chukua sindano."

Baada ya saa moja simu ililia.

"Seli mia sita. Bakteria hawaonekani, dawa imeshawabana. Ni homa ya uti wa mgongo. Rudia."

Daktari alirudia. Kisha akaongeza, "Nisamehe."

"Hilo si jibu la maabara," Darubini alisema, lakini hakukata simu.

Wiki tatu baadaye, mtoto alitoka wodini akinyonya kwa pupa, utosi umetulia. Mama yake alisisitiza kupelekwa maabara. Alimwinua mtoto mbele ya kioo cha dirisha ili Darubini amwone. Darubini, aliyezoea kuwajua watoto kwa chupa na namba, alivua glavu, akanawa, akatoka kumpokea. Daktari aliwatazama, kifua kimemjaa fahari.

Siku hiyo hiyo, kwenye foleni ya chai, alimsogelea.

"Nataka uwe mke wangu. Rudia nilichosema."

Foleni nzima iligeuka. Darubini alimtazama kama anayekagua fomu.

"Unataka niwe mke wako. Saa ya kutolewa?"

"Jumatano ile, saa saba mchana, uliponiambia nikaseme ukweli."

"Saa ya kupokelewa, sasa hivi." Alitabasamu, akamshika mkono. "Imekaa mfukoni wiki tatu, Dokta. Bahati yako, hii haikuharibika."