Kitufe Kisicho na Jina

Asubuhi ile Kasuku alisahau maneno.

Msicheke. Kasuku ndilo jina ambalo Fundi aliipa programu iliyokuwa ikimsomea kompyuta. Fundi haoni, hajaona tangu utotoni, na studio nzima ya muziki aliiendesha kwa vidole na masikio. Akigusa kibodi, Kasuku anamwambia kwenye hedifoni amefika wapi: rekodi, ongeza besi, punguza mwangwi. Sauti kavu isiyo na chumvi, lakini haikuwahi kumdanganya. Waimbaji waliotoka pale walisema sikio kama la Fundi halipatikani.

Sasa tajiri wake, mwenye studio, akaweka toleo jipya la programu ya kurekodia. Lilisifiwa sana kwa rangi zake. Fundi akakaa, akagusa. "Kitufe," Kasuku akasema. Akasogea. "Kitufe." Akasogea tena. "Kitufe." Ni sawa na kumuuliza mtu njia, naye akuelekeze: nyumba, nyumba, nyumba. Waliotengeneza walivichora vitufe vikapendeza, ila hawakuviandikia majina ambayo Kasuku angeweza kuyasoma. Walisahau? Hata kusahau ni heshima, maana anayekusahau alikukumbuka siku moja. Hawa hawakumfikiria kabisa.

Fundi akawaandikia. Wakamjibu kwamba maoni yake yana thamani kubwa kwao. Akawaandikia tena, wakamjibu yale yale, neno kwa neno.

"Fundi, mimi sikufukuzi," tajiri akamwambia, na mtu akianza hivyo ujue mizigo yako iko mlangoni. "Lakini wateja hawasubiri. Kama hii huiwezi, nitamleta anayeiweza."

"Naiweza," Fundi akasema. Angesema nini? Kazi ile ndiyo iliyomfanya aitwe fundi na si yule kipofu.

Mchana huo mwimbaji alikuwa ameshasimama nyuma ya kioo, anakohoa kusafisha koo. Fundi akapapasa kibodi, jasho likimtoka. Kitufe. Kitufe. Kitufe.

"Rekodi."

Hakuwa Kasuku. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, karibu mno, kama mtu aliyekuinamia begani. Chumba kikajaa harufu ya marashi yaliyochacha. Fundi akageuka, akanyoosha mkono, akashika hewa.

"Nani?" akanong'ona.

"Bonyeza, mteja anasubiri."

Akabonyeza. Jamani, mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani. Tangu siku hiyo sauti ile ikamsomea kila kitu, hata vile ambavyo Kasuku hakuwahi kuvijua. Nyimbo zikatoka safi, tajiri akarudi kumwita kaka yangu, na Fundi akawa anawahi kazini huku anapiga mluzi. Ile harufu akaizoea.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika. Mkewe majirani walimwita Bi Maneno, na hawakumsingizia. Alizungumza na sufuria, alizungumza na mvua, alimsimulia mumewe sura za watu waliopita dirishani mpaka Fundi akawa anawajua kuliko wenye macho. Akimpa kikombe cha chai humwongoza vidole: "Haya baba, shika hapo," halafu anacheka kidogo puani. Kwa Fundi, sauti ile ndiyo ilikuwa uso wa mkewe. Uso mwingine hakuujua.

Ilianza kwa kukwaruza. Wakasema ni mafua. Daktari akachungulia koo, akasema halina kitu. Ikapungua ikawa mnong'ono, na mwishowe Bi Maneno akawa anampa chai kimyakimya, anamminya tu kiganja. Nyumba ikapoa, Fundi akawa anajigonga kwenye viti vya kwake mwenyewe.

Naye alikuwa hajajua sababu, maana ile sauti ya kazini ilibadilika kidogo kidogo mno. Alijua siku moja adhuhuri, katikati ya kazi, alipokuwa akitafuta kitufe cha kupunguza mwangwi, na ile sauti ikamwambia, "Haya baba, shika hapo," kisha ikacheka kidogo puani.

Mwili ukamfa ganzi. Alitaka kuivua hedifoni, mikono ikakataa kupanda, na ile harufu ikamwingia mdomoni hadi akaionja, na nyuma ya shingo akahisi pumzi isiyo na joto ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, sawasawa na mapigo ya wimbo uliokuwa ukipiga, mpaka akashindwa kujua ni wimbo unaoifuata pumzi au ni pumzi inayoufuata wimbo.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" akauliza, kwa sauti ambayo hata maiki isingeinasa.

"Nilihitaji sauti ya kukusomea. Wenye programu hawakukupa kitu. Nikachukua iliyokuwa karibu nawe."

"Mrudishie."

"Nikimrudishia, nani atakusomea?"

Na hapa ndipo penye uchungu, tusimfiche: wimbo ulikuwa nusu, na aliumaliza kwanza. Ndipo akaenda nyumbani, akamshika mkewe miguu, akalia kama mtoto.

Wakamwita shangazi wa Bi Maneno, mganga, mama mmoja mkali asiyependa kubembelezwa. Alifika studio siku ya mapumziko, akavaa hedifoni, akamwambia Fundi aguseguse. Kitufe. Kitufe. Kitufe.

"Ehee," akasema. "Nyumba isiyo na mwenyewe huingia yeyote. Vyote hivi havina majina, na kila kisicho na jina ni kiti chake. Vipeni majina. Kisibaki hata kimoja."

"Shangazi, na dawa?"

"Dawa ndiyo hiyo! Unataka nicheze ngoma?"

Kasuku alikuwa na njia ya kupokea majina, ila lazima awepo mwenye macho wa kumwambia hiki ni kipi. Bi Maneno akakaa kitini, akawa anasoma skrini na kuandika, Fundi akihifadhi. Kila jina lilipoingia kuta ziligonga, marashi yakazidi kuoza, na ile sauti ikaanza kusihi kwenye hedifoni, mara kwa kilio, mara kwa matusi, mara kwa kumwimbia Fundi wimbo ambao mkewe alimwimbia usiku wa ndoa yao, hicho niachie, baba, hicho kimoja tu, huyo mwanamke hawezi kukaa hapa nawe kila siku, mimi naweza, na Fundi anahifadhi, anahifadhi. Kikabaki kitufe kimoja kidogo pembeni. Bi Maneno akakiandika.

"Nyamazisha," Kasuku akasema, kwa ule ukavu wake mtamu.

Harufu ikakatika.

"Baba," mkewe akasema, kwa sauti kamili, "mimi njaa inaniuma, na hiki kiti kimenivunja mgongo." Fundi akacheka, akalia, akamwambia aendelee kusema, aseme chochote. Akasema njia nzima.

Kazi ya siku moja, watu wawili na kibodi. Wenye programu, na maghorofa yao, iliwashinda.

Wakaishi vizuri. Kisha asubuhi moja tajiri akampokea Fundi mlangoni amechangamka. "Kaka yangu, ile programu imejisasisha yenyewe! Toleo jipya kabisa. Ungeona rangi!"

Fundi alikwenda mbio akajigonga mlangoni, akavaa hedifoni, akagusa.

"Kitufe."

Akasogea.

"Kitufe."

Majina yote yalikuwa yamefutika. Akachukua simu, akampigia mkewe. Ikapokelewa.

"Mama, sema kitu. Tafadhali. Sema chochote."

Kwenye simu kulikuwa na pumzi tu, zinahangaika, na kucha zinazokwaruza meza. Nyuma ya kioo mwimbaji alikohoa kusafisha koo. Marashi yakaingia polepole, na kwenye hedifoni mtu akacheka kidogo puani.

"Nipo hapa, baba. Bonyeza."