Sanduku la Vitabu vya Shangazi Belen

Kila asubuhi Analiza na mama yake walikaa barazani wakitoa miiba ya samaki. Bangus ni samaki mtamu, lakini miiba yake ni mingi na myembamba kama nywele. Mama Corazon aliichomoa kwa kibanio, mmoja mmoja, bila kuchana nyama. Mtaani kwao Iloilo, huko Ufilipino, hakuna aliyemfikia.

Siku hizo Analiza alifanya kazi jicho moja likiwa kitabuni. Alitaka kwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili ya magonjwa ya samaki. Bwawa la baba yake lilikuwa limepatwa na ugonjwa, samaki wote wakafa, na hakuna aliyejua sababu. Baba alikuwa ameweka akiba ya kulipia mtihani wa kujiunga na chuo. Ilitosha mtihani mmoja tu.

Vitabu vya mtihani vilitoka kwa Shangazi Belen, sanduku zima. Mwanawe Dindo alivisoma, akafaulu, na sasa yuko benki huko Singapore.

"Hivi vina baraka," Shangazi alisema. Alikuwa amevifunika upya kwa karatasi ya maua, kimoja kimoja. Nani angekataa? Basi Analiza akajiandaa kwa mtihani wa Dindo, yaani GMAT.

Asubuhi moja jirani yao, Mwalimu Estrella wa chuoni, alikuja kununua samaki. Akakiona kitabu.

"Haa, Analiza! Umeacha samaki, unataka umeneja?"

"Hapana, Mwalimu. Ni samaki walewale."

"Sasa GMAT ya nini?"

"Ndiyo aliyofanya Dindo."

"Dindo alisoma biashara! Chuo chako umekiuliza?"

Analiza akafuta mikono yake. Wakafungua kwenye simu ukurasa wa chuo alichokitaka ng'ambo. Kozi yake ilitaka GRE. GMAT haikutajwa kabisa.

"Kwani si mitihani ileile?" Mama akauliza.

"Inafanana kidogo, dada. Yote ina hesabu na kusoma kwa ufahamu. Lakini GMAT ilitungwa kwa wanaokwenda kusoma biashara. GRE inapokelewa na kozi nyingi, hata vyuo vingi vya biashara. Ina insha, na inapima sana maneno magumu. Tena kuna kozi zisizotaka mtihani wowote."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Achague kozi kwanza, kisha aulize chuo. Kikipokea yote miwili, ajaribu mazoezi ya bure ya kila mmoja, aone upi anauweza zaidi. Wewe mwenyewe, dada, ungetoa miiba hiyo kwa shoka?"

Mama akacheka. Kisha akakumbuka. "Na wifi yangu Belen je? Atanuna mpaka Krismasi!"

Jumapili, baada ya misa, Shangazi Belen alikuja na bibingka, keki ya mchele, ingali moto. Analiza akamweleza yote, macho chini. Shangazi akavitazama vitabu vyake vya maua.

"Vidole vyangu bado vina gundi," akasema polepole. Halafu akaangua kicheko. "Kumbe nilikuwa nakuoza kwa mume wa mwenzio! Mbona hukuniambia?"

"Nimejua juzi tu, Shangazi. Halafu niliogopa kukuudhi."

"Mtoto wewe! Nilikupa vitabu ili uende, si ili ubaki." Akamkatia kipande kikubwa cha bibingka.

Analiza alibaki na kitabu kimoja, cha hesabu, maana kilimfaa bado. Vitabu vya GRE aliviazima kwenye maktaba ya chuo cha Mwalimu. Alifanya mtihani, akafaulu, chuo kikampokea. Sasa anajifunza kilichowaua samaki wa baba yake.

Sanduku nalo lilipata mwenyewe. Kijana wa mtaa wa pili alitaka kusoma biashara. Shangazi Belen alilibeba mpaka mlangoni kwake, akatweta, lakini hakulitua.

"Kwanza niambie, mwanangu," akasema. "Chuo chako kinataka mtihani gani?"